Kioo cha Kisogo

1

Daktari Projestus Katunzi aliletwa hospitalini saa tano asubuhi, mkono wa kulia ameushikilia kwa wa kushoto kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga wa wenyewe. Gari lake lilikuwa limeacha barabara kwenye kona za mlimani na kuingia katika shamba la chai. Halikuwa na dereva. Miaka hiyo magari mengi yalijiendesha, na ukungu ulikuwa umelifanya lisiuone ukingo. Daktari hakuvunjika popote, ila bega lilikuwa limeteguka, na kila aliposogea jasho lilimtoka.

Hospitali hiyo ilikuwa ndogo, njiani kuelekea Tukuyu, yenye chumba kimoja cha upasuaji. Mtaalamu wa nusukaputi wa zamu alikuwa Subilaga Mwandemele, mwanamke wa miaka arobaini na miwili. Alilisoma jina la mgonjwa kwenye kompyuta ya mapokezi kabla hajamwona mwenyewe. Akalisoma tena. Kisha akaenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu kuliko kawaida.

Alipoingia chumbani amevaa barakoa, Katunzi hakumtambua. Alimweleza kwa adabu kwamba yeye pia ni daktari, bingwa wa macho, kwa hiyo asihangaike kumfafanulia utaratibu. Alikuwa na ombi moja tu.

“Sista, nipe shwari ya kutosha,” alisema. “Sitaki kukumbuka chochote.”

Subilaga alimjibu kwamba amesikia.

Shwari ilikuwa dawa ya kawaida nchi nzima wakati huo. Haikumlaza mtu. Macho yalibaki wazi, mgonjwa alijibu akiulizwa na alinyoosha mguu akiambiwa, jambo lililowafurahisha sana madaktari. Ila mambo mawili yalibadilika. La kwanza lilikuwa kuona. Kitu kinachosogea kilionekana kimesimama, kisha kikaruka hadi mahali pengine bila kupita katikati. Sura moja ilikuwa mbili, taa ilivaa duara la rangi. La pili lilikuwa kumbukumbu. Mambo yalipita mbele ya mgonjwa na hakuna lililobaki; saa nzima ilitoweka, na mtu aliamka akidhani ndiyo kwanza anachomwa sindano.

Jambo moja shwari haikulifanya. Haikuzuia maumivu. Kwa maumivu kulikuwa na dawa ya pili, ya kuchomwa kando, na ilitakiwa ingojewe ifanye kazi. Mgonjwa aliyepewa shwari peke yake aliumia kama mtu yeyote. Lakini akiamka alisema hakusikia kitu, na alikuwa anasema kweli kwa kadiri alivyojua.

Subilaga alilijua jambo hilo kuliko watu wengi, kwa sababu lilikuwa limempata mdogo wake.

2

Mdogo wake huyo wa kike aliitwa Tupokigwe. Alikuwa dereva kiongozi wa misafara ya malori kati ya Mbeya na Tunduma: malori kumi na mawili yaliyojiendesha, na yeye mbele kabisa, binadamu pekee, akiyaongoza yote kwa macho yake. Sheria ilitaka dereva kiongozi awe na macho mazima. Alipoanza kuona ukungu katika jicho la kulia alikwenda mwenyewe hospitali binafsi ya macho mjini Mbeya ambako Subilaga alifanya kazi. Ilikuwa operesheni ndogo ya dakika ishirini. Ndugu hawaruhusiwi kumpa ndugu nusukaputi, kwa hiyo Subilaga alikuwa chumba cha pili siku hiyo, akihudumia mtu mwingine. Aliyempasua Tupokigwe alikuwa Daktari Katunzi.

Jicho liliharibika. Ripoti ilisema mgonjwa alikohoa ghafla, kisu kikateleza. Miezi minane baadaye jicho la kushoto nalo likaugua kwa kulifuata la kulia, kama inavyotokea mara chache, na Tupokigwe akawa kipofu akiwa na miaka thelathini na moja.

Hakukumbuka chochote cha siku ile. Lakini mtu akimgusa paji la uso alitapika. Kitandani alilala amegeuza uso ukutani, mikono kifuani. Ukimuuliza anaogopa nini, alisema hajui, na kutojua kwenyewe ndiko kulikomtia aibu.

Ndipo Subilaga alipompeleka kwenye kisomataswira, mashine ambayo watu waliipa jina la kioo cha kisogo. Mambo anayoyaona mtu hufika kwanza sehemu ya nyuma ya ubongo, na huko huacha mikwaruzo inayokaa kwa miaka mingi, hata pale shwari inapozuia tukio lisiingie katika kumbukumbu. Mashine iliisoma mikwaruzo hiyo na kutoa picha. Picha tu, sauti haikuwemo.

Picha za Tupokigwe zilikuwa arobaini na tatu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeachwa wazi ili atazame taa ya kijani ukutani, na pembeni ya taa kulikuwa na saa. Katika picha moja sindano ya ganzi inaingia, na saa inasema saa nne na dakika kumi na mbili. Katika picha nyingine kisu kipo juu ya jicho lake, na saa inasema saa nne na dakika kumi na nne. Ganzi ile huhitaji dakika kumi. Katunzi hakuwa amengoja. Wagonjwa wake siku hiyo walikuwa kumi na saba, na mhudumu mmoja aliyeacha kazi baadaye alimwambia Subilaga pembeni kwamba daktari alikuwa na neno lake analolisema kila anapoharakisha. Alikuwa anasema, hatakumbuka.

Mhudumu yule hakukubali kwenda mahakamani. Zilibaki picha peke yake. Katunzi alijitetea mwenyewe, kwa sauti ya upole, kama anayefundisha darasa. Alimweleza jaji kwamba macho yaliyo chini ya shwari hayaaminiki. Mshale wa saa unaweza kuonekana umeganda kwa dakika nane nzima huku saa inatembea. Mgonjwa anaweza kuona kisu kabla hakijashikwa. Kuyapokea maono ya namna hiyo kuwa ushahidi, alisema, ni kumhukumu mtu kwa ndoto ya mwingine.

Jaji alikubaliana naye na kesi ikafutwa. Kilichomuumiza Subilaga zaidi ni kwamba nusu ya maneno yale yalikuwa ya kweli, naye kwa taaluma yake alijua ni nusu ipi. Picha huganda, ndiyo. Lakini haziwezi kuganda arobaini na tatu zote na bado zikafuatana vizuri namna ile.

Aliacha kazi mjini. Kwa miaka minne alimwogesha mdogo wake na kumpikia, na asubuhi alimwekea nguo kwa mpangilio ule ule ili mikono yake izipate. Na kila siku ya miaka hiyo aliwaza sura ya Katunzi.

3

Daktari wa zamu alikuwa kijana wa mifupa aitwaye Nuhu Mlelwa, mwenye mikono yenye nguvu na haraka kidogo. Alimwambia Subilaga aandae shwari na dawa ya maumivu, yeye akaenda kuangalia picha za bega.

Subilaga alivuta shwari katika bomba la kwanza. Katika bomba la pili alivuta maji ya chumvi, yale ya kusafishia mrija wa dripu. Yalikuwa meupe kama dawa yenyewe. Aliyaweka mabomba kwenye sinia, akayatazama, na akajua kwamba bado anaweza kumwaga la pili na kuanza upya. Alijiuliza kama kumuumiza mtu kwa jambo ambalo hatalijua kamwe ni kumuumiza kweli. Jibu alikuwa nalo nyumbani, amelala amegeukia ukuta. Hakulimwaga.

Shwari ilipoingia, macho ya Katunzi yalilegea yakabaki wazi. Mlelwa aliuliza kama mgonjwa yupo tayari. Subilaga akasema yupo tayari.

Kijana aliuvuta mkono. Katunzi alipiga kelele ambayo Subilaga hakuwa ameisikia kwa mtu mzima tangu aanze kazi. Mlelwa alisita na kumtazama. Subilaga alimtuliza kwa kumwambia kwamba wengi hupiga kelele chini ya shwari, kwamba ni mwili tu, na kwamba wakiamka hawajui kitu. Yote hayo Mlelwa alikwisha kuyasikia chuoni. Akavuta tena.

Bega lilikataa mara tatu. Kabla ya mara ya nne Subilaga aliinama juu ya uso wa mgonjwa, akavuta barakoa yake chini hadi kidevuni, na kando ya uso wake akashika simu yenye picha ya Tupokigwe akiwa ameegemea lori, jua usoni, macho yote mawili mazima. Mlelwa alikuwa ameinamia bega na hakuona. Subilaga akasema polepole, karibu na sikio la Katunzi, “Anaitwa Tupokigwe. Mtazame.”

Macho ya Katunzi yalimtazama. Bega likaingia mahali pake kwa mlio mzito, na machozi yakamtiririka kuelekea masikioni.

Baada ya robo saa alianza kupata fahamu. Alilipapasa bega lake, akacheka kidogo kwa furaha.

“Tayari? Sikusikia kitu kabisa,” alisema. “Ahsante sana, sista. Una mkono mzuri.”

Subilaga alitoka nje, akakaa kwenye benchi la kufulia mashuka. Miaka minne alikuwa ameingoja saa ile, na mtu wake alikuwa amempa shukrani. Katunzi hakuwa na habari kwamba amelipizwa. Kisasi kilikuwa kimefanyika na hakuna mtu duniani aliyekuwa nacho isipokuwa yeye.

4

Katunzi alikaa hospitalini siku tatu kwa ajili ya uangalizi. Siku ya pili wauguzi walianza kusema kwamba mzee amekuwa wa ajabu. Mtu akimsogelea upande wa kulia alikunja mwili na kukinga uso. Mlelwa alipotaka kulichunguza bega, alimsukuma, kisha akaomba radhi, akatazama mikono yake mwenyewe kama si yake.

Siku ya tatu, nguo zake zikiwa zimeshafungashwa, Subilaga aliingia chumbani mwake, akafunga mlango na kuvua barakoa. Alimwambia kwamba sindano ya pili haikuwa na dawa. Alimwambia muda ulivyokwenda na bega lilivutwa mara ngapi. Kisha akamwambia kwa ajili ya nani.

Katunzi alimsikiliza hadi mwisho. Uso wake haukuonyesha hasira kwanza. Ulionyesha mtu anayetafuta kitu kabatini.

“Tupokigwe nani?” aliuliza.

“Dereva wa malori. Jicho la kulia. Ulisimama mahakamani kwa kesi yake siku mbili.”

“Nimewapasua watu maelfu,” alisema, na Subilaga akaona kwamba hadanganyi. Hakuna dawa iliyomsahaulisha. Hakuona haja ya kukumbuka.

Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kipigo. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Alimwambia aende kwenye kioo cha kisogo. Picha zipo, alisema. Uso wangu upo. Ukinishitaki utapaswa kumwambia jaji kwamba maono ya mtu aliye chini ya shwari ni ya kweli. Usiponishitaki, kaa nalo bega lako.

Katunzi alielewa mara moja. Alikuwa mtu mwerevu. Aliketi kitandani akatazama dirisha, na Subilaga akatoka.

Ilipita miezi mitano. Subilaga aliendelea na kazi, na kila bahasha iliyofika hospitalini aliitazama kama yake. Baadaye ilijulikana kwamba Katunzi alijaribu kurudi katika chumba cha upasuaji, akashindwa. Msaidizi alipompitishia kitu juu ya bega la kulia, kisu kilimtoka mkononi. Alijaribu mara sita. Alipoona kwamba kazi yake imekwisha, ashitaki asishitaki, alikwenda kwenye mashine, akachukua picha zake, akafungua kesi.

5

Hati ya mashitaka ilimfikia Subilaga jioni, na asubuhi yake Subilaga alimweleza mdogo wake. Tupokigwe alikuwa anamenya ndizi kwa chakula cha mchana, kisu kikifuata kidole gumba bila kukosea. Hakuacha kumenya hadi Subilaga alipomaliza.

“Alichonifanyia mimi, wewe umemfanyia yeye,” alisema hatimaye. “Halafu unasema ni kwa ajili yangu.”

Subilaga alisema hakuna mtu mwingine aliyekuwa tayari kufanya lolote. Alisema kesi ya Katunzi ikikubaliwa, na jalada lao litafunguliwa tena. Tupokigwe alimjibu kwamba kufunguliwa kwa jalada ni watu kukaa chumbani kutazama kisu kikiingia katika jicho lake, na kwamba hakuna aliyemuuliza kama anataka watazame. Kisha akasema kwamba, hata hivyo, anataka. Alikuwa anataka tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana anakasirika.

Akachukua ndizi nyingine. Kisha akauliza jambo moja.

“Ulipomwona anaumia, dada, ulijisikiaje?”

Subilaga alisema hakujisikia chochote. Alifanya kama anavyofanya kazi nyingine, alisema, kwa utulivu, kwa sababu ilikuwa lazima. Alisema hivyo kwa moyo mmoja. Hivyo ndivyo alivyokumbuka.

6

Wakili aliyemtetea Subilaga alikuwa na mpango mwepesi. Kulikuwa na hukumu ya zamani iliyosema kwamba picha za shwari si ushahidi, na aliyeisababisha hukumu hiyo alikuwa mlalamikaji mwenyewe. Alimwomba mteja wake aseme sentensi moja tu kizimbani: dawa hupotosha macho. Akiisema, angerudi nyumbani jioni hiyo.

Subilaga alimkatalia mara mbili ofisini, na mara ya tatu kwenye ngazi za mahakama.

Picha za Katunzi zilioneshwa ukutani baada ya mapumziko ya asubuhi. Zilikuwa kama picha zote za shwari. Taa ya dari yenye duara la zambarau. Mkono wa Mlelwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Simu, na ndani ya simu lori na mwanamke mwenye jua usoni. Tupokigwe, aliyekaa mstari wa mbele, alimnong'oneza karani ampe maelezo, na karani akawa anamweleza kwa sauti ya chini.

Kisha ikaja picha ya uso wa Subilaga. Ulikuwa umeinama, mkubwa, umejaa ukuta wote. Barakoa ilikuwa kidevuni. Na ule uso ulikuwa unatabasamu.

Halikuwa tabasamu la uchungu wala la woga. Lilikuwa la mtu aliyeshiba. Macho yalikuwa yamekunjamana pembeni kwa furaha, na meno ya chini yalionekana. Subilaga alilitazama na hakulitambua. Alitafuta kichwani mwake saa ile, chumba, harufu ya spiriti, uzito wa simu mkononi, na kila alipotazama alijiona ametulia, midomo imefungwa. Hakuwa amepewa shwari yeye. Alikuwa mzima.

Ilikuwa inawezekana kabisa kwamba dawa ndiyo iliyoliweka tabasamu lile. Alijua namna hasa ambavyo ingewezekana: mdomo unaotamka jina, umegandishwa katikati ya neno, ukaonekana unacheka. Angeweza kulieleza vizuri kuliko mtaalamu yeyote aliyekuwemo mle. Na akilieleza, mshale wa saa katika picha za Tupokigwe nao ungeweza kuwa umeganda.

Wakili wa Katunzi alisogea karibu na kizimba. Hakupaza sauti.

“Huyu ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Na unatabasamu.”

Karani alikuwa ameacha kunong'ona. Tupokigwe alikuwa amegeuza uso wake kuelekea mahali sauti ya dada yake inakotoka.

“Ndiyo,” alisema Subilaga. “Nilikuwa natabasamu. Picha haidanganyi.”

7

Hukumu ilitoka wiki tatu baadaye. Jaji alisema picha za mtu aliye chini ya shwari zitapokelewa kuwa ushahidi iwapo zinafuatana na aliyeonekana ndani yake hazikani, au zikithibitishwa na picha za wengine. Subilaga alifungwa miaka miwili, na leseni yake ikafutwa kwa maisha. Jalada la Tupokigwe lilifunguliwa mwezi uliofuata. Katunzi alizikana picha zile moja baada ya nyingine, lakini safari hii wagonjwa wake wengine kumi na wanane, wa siku mbalimbali, walikuwa wamekwenda kwenye mashine, na saa ile ya ukutani ilionekana katika vichwa vyote. Alihukumiwa miaka saba.

Tupokigwe hakumtembelea dada yake kwa miezi mitatu. Alituma nguo na sabuni kupitia kwa jirani. Siku alipokuja mwenyewe, askari jela, mwanamke mwenye huruma, aliwaacha wakae benchi moja badala ya kutenganishwa na wavu.

Alimpa habari za nyumbani, na habari kwamba ameitwa kufundisha madereva viongozi wapya kusikiliza injini. Subilaga alimuuliza kama hukumu ya Katunzi imemfurahisha. Alisema ndiyo, sana.

Kisha akasogea, akauliza kama tabasamu lile lilikuwa la kweli au alilisema kwa ajili ya kesi.

Subilaga alisema hajui. Alisema amelitafuta kila siku humo ndani na hajalipata.

Tupokigwe aliinua mkono wake wa kulia akaupapasa uso wa dada yake kuanzia paji, akashuka kwenye mashavu, hadi vidole vitatu vikakaa juu ya midomo.

“Mfikirie Katunzi,” alisema. “Mfikirie alivyopiga kelele. Usijizuie, mimi nitajua.”

Subilaga alifumba macho na kumfikiria, na vidole vya mdogo wake vikabaki pale pale, vyepesi, vikingoja.